Pumzi ya Muadhini

Nimetoka mbali, na sioni haya kusema. Nilianza kwa kubeba mizigo ya watalii Kendwa, nikajisomesha, nikaenda Ulaya, nikarudi na diploma ya tiba ya mionzi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika karatasi kama ile. Nyumba yangu ya mtaa wa Amani nimeijenga mwenyewe. Basi nilipochukuliwa kufanya kazi katika utafiti wa saratani ya mapafu, niliona nimestahili.

Kazi yenyewe naieleza kama ninavyowaeleza wagonjwa. Pafu halitulii. Mtu akivuta pumzi, uvimbe unasogea; akitoa, unarudi. Mionzi inayoufuata huko na huko huunguza na sehemu isiyo na ugonjwa. Sisi tulitafiti namna ya kumfundisha mgonjwa avute pumzi ndefu, aizuie, mtambo uwake uvimbe ukiwa umetulia. Pumzi ikiteleza, mtambo unajizima. Mtambo uko Dar es Salaam, kwa hiyo wagonjwa wa Unguja niliwafundisha kabla hawajavuka, katika chumba cha chini Mji Mkongwe, wamelala chali, mkono wangu kifuani mwao. Wavuvi, wauza duka, bibi mmoja mkulima wa mwani kutoka Paje, wote walifuzu mikononi mwangu.

Halafu akaugua mjomba aliyenilea, muadhini wa msikiti mdogo nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Alipoambiwa ugonjwa wake, aliuliza jambo moja tu.

"Ntaadhini tena?"

Daktari alianza kupekua faili. Nikajibu mimi. "Utaadhini, mjomba. Kwa njia yetu hii pafu lako tutalinusuru." Nilikuwa na hakika. Nani Mji Mkongwe ana pumzi kama yake? Watalii walikuwa wakisimama uchochoroni kumsikiliza, wakisahau kupiga picha.

Siku ya mafunzo alikuja na kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari. Mtafiti."

"Haya, mtafiti. Leo weye unanifundisha mimi kuvuta pumzi? Si ndimi nliyekuwa nakuamsha kwa adhana, ukijifunika shuka gubigubi?"

Nilicheka, nikamlaza. "Vuta. Zuia."

Kifua kilipanda vizuri kuliko cha mgonjwa yeyote. Kisha nikahisi kinashuka chini ya kiganja changu, taratibu, kama gurudumu lenye tundu dogo.

"Mjomba, unaitoa."

"Sijaitoa. Nimeishika."

"Inatoka."

"Ndiyo kuishika kwenyewe huko! Pumzi ukiifungia kama mbuzi, sauti itatoka wapi?"

Tulirudia mpaka akachoka. Hakuwa mkaidi. Maisha yake yote alikuwa akishika pumzi ili aitumie kidogo kidogo, hadi mwisho wa maneno. Kuifunga tu, bila kuitumia, mwili wake haukuwahi kufundishwa. Nikamwambia asifikirie adhana.

"Nisifikirie adhana, nifikirie nini, baba?"

Nilijipa moyo kwamba Dar es Salaam atauona mstari wa pumzi yake kwenye kioo cha kompyuta na kuurekebisha. Haikuwa hivyo. Nilisimama chumba cha pili na wenzangu, tukautazama mstari ukipanda hadi mahali pake, kisha ukiteleza. Mtambo ukajizima. Tena, na tena. Katika kamera niliiona midomo yake ikichezacheza. Daktari akaamua atibiwe akipumua kawaida, kwa eneo pana zaidi. Nilikwenda kumweleza mwenyewe.

"Uvimbe utapigwa vilevile," nilisema, "ila pafu la upande huo litaungua zaidi."

"Na adhana?"

Nikaanza maelezo marefu.

"Jibu, mtafiti."

"Sijui, mjomba."

Nadhani tangu nirudi Unguja hakuwa amenisikia nikisema neno hilo.

Uvimbe umenywea, alhamdulillahi. Wenzangu wanasema kisa chake kimetufaa: sasa kila mgonjwa tunamuuliza kwanza kazi yake, na kama anapuliza zumari au anasoma kaswida, tunamfundisha kwa njia nyingine. Swali hilo nililipendekeza mimi, na nilisifiwa kikaoni. Wakati huo mjomba alikuwa ameshamaliza tiba.

Juzi, alasiri, imamu alimpa kipaza sauti kwa heshima. Mimi nilikuwa natawadha. Alianza vizuri, lakini maneno aliyokuwa akiyavuta hadi mwisho wa uchochoro yalikatika katikati. Ikasikika pumzi yake mwenyewe, nzito, katika spika za mtaa mzima. Akamalizia. Mstari uliofuata ukakatika palepale. Maji yaliendelea kumwagika mkononi mwangu.

Baada ya sala tulikutana mlangoni, akitafuta viatu vyake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Ulisema ntaadhini, na nimeadhini. Kesho waendelee wengine."

Aliyasema kwa upole, bila kejeli. Ningeona nafuu angenitukana. Na mimi mwenye maneno mengi nilimshika mkono tu, tukateremka ngazi, tukisimama kila alipotaka kupumua.