Kapteni Ndani ya Maji ya Kiunoni

Kila likizo, vijana waliochoka kukaa hotelini na wazazi wao walikimbilia kwa Kapteni, mzee aliyekodisha boti za pedali kando ya ziwa, zile zinazoendeshwa kwa miguu kama baiskeli. Aliwafunga maboya kifuani huku akiwapigia soga. Eti aliwahi kuogelea ziwa lote, na katikati kiboko akamwomba wapumzike kidogo. Kisa cha kiboko walikicheka. Cha kuogelea walikiamini.

Asubuhi moja alikuwa akisukuma boti ya binti mmoja mwenye miwani, akateleza kwenye tope na kuanguka chali majini. Weee! Kapteni alirusha mikono, akapaliwa na maji, akamwita marehemu mama yake.

"Babu," binti akasema taratibu, "simama."

Akasimama. Maji yalimfika kiunoni.

Hakuna aliyecheka. Hata mkewe, muuza soda, aliinamia ndoo yake ya barafu kama aliyepoteza sindano humo. Kapteni alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na boti zake.

Kutwa nzima alifunga maboya akitazama chini, na kiboko hakutajwa. Walivyozidi kumnyamazia ndivyo haya zilivyozidi kumla, afadhali wangemzomea.

Jioni binti alirudisha boti. Kapteni akasugua kiti kilichokwisha kukauka.

"Mjukuu wangu," akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa, "kesho mkienda kujifunza kuogelea kule kwenye maji ya watoto... mnaanza saa ngapi?"

"Saa mbili, babu. Na boya utavaa."