Buyi Iliyofukuzwa Harusini

Naikumbuka siku ya harusi ya dada yangu Masika, mwanangu, na kila nikiikumbuka mashavu yananiwaka moto. Si kwa aibu. Ni kwa hasira. Kaa hapa nikueleze polepole, maana nimesikia wewe pia unatunga nyimbo, na huko studio wamekuambia utoe maneno ya jikoni, uweke shampeni na theluji. Theluji, hapa Goma! Vumbi la mawe meusi linatujaza midomo, wao wanataka theluji.

Mimi na Masika tulilelewa na shangazi yetu, dada wa baba, kule mtaa wa Mapendo, hapa hapa Goma. Wazazi walibaki Butembo kwenye mashamba, sisi tukaletwa mjini tusome. Kila asubuhi shangazi alipuliza makaa ya mbabula, lile jiko dogo la bati, akakoroga buyi ya masoso, uji wa mahindi, mtama na soya. Mwiko wake uligonga sufuria kwa mdundo wake mwenyewe, mara mbili haraka, kisha moja nzito. Hatukuwa na saa nyingine ya kutuamsha.

Sasa, katika jamaa yetu, kabla bibi harusi hajatoka nyumbani, mdogo wake humtungia wimbo yule aliyewalea. Wimbo ukifika mwisho, bibi harusi humfunga mama huyo kitenge kipya mbele ya watu wote. Ndiyo shukrani yake, na hairudiwi siku nyingine.

Kutunga kuliniangukia mimi. Sikutafuta mbali. Nilichukua mdundo wa mwiko, nikatia ndani yake mbabula, moshi, vikombe vilivyobanduka rangi, na buyi iliyoungua. Lakini familia ilikuwa imemwita kijana wa kuongoza kwaya, tuliyemwita Maestro, aliyetoka Kinshasa na viatu vya kung'aa. Alinisikiliza, akacheka.

"Weye mutoto, nani anaimbaka sufuria ku harusi? Bakwe banakuya na magari, weye unabaimbia buyi?"

"Lakini Maestro, njo buyi shangazi alitulisha."

"Nyamaza. Toa buyi, tia divai. Toa mbabula, tia taa ya kristali. Utanishukuru."

Nilikataa. Watu wazima wakaniambia yeye amesoma muziki, mimi bado mtoto, nimwachie. Akayabadilisha maneno yote.

Siku ikafika. Kwaya ikaimba habari za mama wa taa ya kristali, aliyewanywesha watoto divai kwa kikombe cha dhahabu. Waliimba vizuri, siwezi kudanganya. Shangazi alikuwa mstari wa mbele. Nikamwona anageuka huku na huku, anamtafuta mama anayeimbiwa. Upande wa bwana harusi alikaa mama mkwe, mfanyabiashara mwenye mikufu shingoni. Shangazi alipomwona akatulia, akaanza kumpigia makofi. Watu wakafuata. Yule mama, na sina lawama naye, alisikia dhahabu, akaona macho yote yamemgeukia, akasimama akicheza. Masika alikuwa katikati na kitenge mikononi, hajui amfunge nani. Na Maestro, badala ya kusimamisha wimbo, akamsukuma taratibu kwa yule anayecheza!

Hebu fikiria, mwanangu. Mwanamke aliyetulea anapiga makofi huku shukrani yake inapelekwa kwa mtu mwingine, tena anatabasamu.

Hapo baba yangu, aliyekuja kutoka Butembo kwa ajili ya harusi, akasimama. Alikuwa mkulima wa maneno machache, lakini siku hiyo sauti yake ilifika barabarani.

"Acheni! Maestro, unaimba nani? Miye niko baba ya aba batoto. Nani anabapatiaka divai asubuhi? Unionyeshe yeye, nimupeleke ku polisi!"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akanigeukia.

"Kahindo, imba ile yako."

Nilipiga ule mdundo kwenye kiti kwa viganja, bila gitaa, bila kwaya, sauti ikinitetemeka. Makofi ya shangazi yakakatika. Nikaimba mbabula, akashika shavu. Nikaimba vikombe, akainamisha kichwa. Nilipofika kwenye buyi iliyoungua, akaruka kutoka kitini.

"Bongo! Uongo! Iliunguaka mara moja tu! Na ile ya chini njo miye niliikula. Nyiye mulikula ya juu!"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko, mama mkwe akiwa wa kwanza. Mimi na Masika hatukucheka. Hatukuwa tumewahi kujua kwamba alikula ile ya chini. Masika hakungoja wimbo uishe. Huku machozi yakimtoka, alimfunga shangazi kitenge, shangazi akiwa bado anagomba.

Basi nielewe. Wimbo wa kristali hakuna aliyebishana nao, kwa sababu hapakuwa na mtu ndani yake. Mtu akijikuta katika wimbo wako, atakusahihisha, na hiyo ndiyo alama unayoitafuta. Chukua vitu ambavyo mkono wako umeshika leo asubuhi: bidoni, lile dumu la maji, chandarua kilichotoboka, mlango unaofungwa kwa kamba. Tia humo jambo moja dogo ambalo yule unayemwimbia anaweza kukubishia. Kisha mwimbie yeye kwanza, kabla hujapeleka studio.

Wale wa studio usiwachukie, muziki wanaujua. Wakubali wakirekebisha gitaa, wakubali wakipunguza ubeti mrefu. Lakini wakitaka kumwondoa mama yako ndani ya wimbo ili waingize mgeni, simama ukatae, hata kama sauti yako inatetemeka kama yangu ilivyotetemeka. Wewe una kipaji, nimekusikia ukiimba huku unafua. Kilichobaki ni kuthubutu.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe koo lisilokauka na moyo usionunuliwa, na kila utakayemwimbia ajue, bila kugeuka nyuma, kwamba ni yeye.