Uchawi Niliompa Adeke

Siku watu walipomfukuza Adeke kutoka soko la Malaba kwa makosa aliyofanya ndani ya sinema, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya lori.

Ndiyo, ndani ya sinema. Hujasoma vibaya.

Jina langu ni Egesa, lakini huku mpakani wananiita DJ Mdomo. Natafsiri sinema kwa kibanda cha video. Za Wahindi, za Wachina, zozote. Kichina sijui hata salamu. Naangalia mtu akifungua mdomo, namjazia maneno. Wasee wanacheka, siku inaenda.

Adeke alikuwa anauza nyanya nje ya kibanda, mlangoni kabisa. Mama mjane, mtu wa mzaha, sauti kama tarumbeta.

Mchana mmoja niliweka sinema ya bibi kizee mchawi anayekula watoto. Alipotokea na kitambaa chekundu kichwani, nikashika maikrofoni:

"Huyo si Adeke wa nyanya? Mchana anapima nyanya, giza likiingia anapima watoto!"

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Adeke mwenyewe alisikia kwa spika ya nje, akajibu kwa sauti: "Egesa, nikianza kula watu nitaanza na wewe!"

Tukacheka wote. Haki ya Mungu, tulicheka.

Lakini kuna mtu alikuwa anarekodi kwa simu. Klipu ikaingia WhatsApp, ikafika Angurai, ikavuka mpaka ikaingia Uganda, ikarudi. Iliporudi, kicheko kilikuwa kimekatwa. Ilibaki sura ya yule bibi, sauti yangu, na maandishi makubwa: MAMA HUYU YUKO MALABA, CHUNGENI WATOTO.

Yule bibi ni Mchina, jamani. Mchina!

Nyanya za Adeke zikaanza kuozea mezani. Niliona. Nikajiambia itapita.

Kisha Vivian, mteja wa Adeke wa miaka mingi, mtoto wake akaharisha. Vivian alikuja sokoni analia, "Nilinunua kwake! Nilinunua kwake!" Watu wakajaa. Meza ikapinduliwa. Mtu akaokota jiwe.

Hapo ndipo nilikuwa nyuma ya lori. Nilipoona lile jiwe nikatoka.

"Jamani, hiyo ni sinema! Maneno ni yangu! Nilitunga!"

Barnabas, jamaa wa boda asiyekosa kibandani, akanishika bega. "DJ, usiogope. Wewe ndiye ulitufungua macho."

"Nakwambia nilidanganya!"

"Mnaona?" akawageukia wenzake. "Yule mama ameshamroga. Sasa anamtetea."

Wakabaki wakibishana kama nimerogwa au nimehongwa. Adeke akapata nafasi, akarukia boda, akaenda kwa dada yake kule Angurai. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye nyanya zilizopondwa.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Maurine. Huyu ananisikia kila siku nikifanya mazoezi ya sauti bafuni. Anajua natunga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasogea karibu, akanong'ona:

"Lakini Egesa, wewe ulijuaje?"

Nikazima taa.

Jumapili nikaenda Angurai. Adeke alinipokea kama mgeni, akanivutia kiti.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Mimi ndiye nilikuharibia."

"Najua," akasema. "Hata mimi nilicheka siku ile. Kunywa chai kwanza, umetoka mbali."

Nikashika kikombe. Chai ya maziwa, moto, inanukia vizuri.

Sikunywa.

Niliangalia ndani ya kikombe. Nikaangalia mikono yake. Mimi, Egesa, niliyetunga kila neno kwa mdomo wangu huu.

Adeke aliona. Alichukua kikombe, akanywa nusu, akanirudishia.

"Sasa kunywa."

Nikanywa nikilia. Hiyo chai haijashuka hadi leo.

Adeke hajarudi sokoni. Mimi maikrofoni nimemrudishia mwenye kibanda, lakini klipu bado inazunguka. Juzi nilitumiwa na mtu asiyejua kwamba ile sauti ni yangu, akaniambia nijihadhari.

Ndugu zangu, ukiwa na maikrofoni, au hata simu tu, usidhani wanaodanganyika ni wale tu wanaokusikiliza. Masikio yako pia yako pale, na yanakuamini.