Picha Iliyokwenda Kusafishwa Tabora

Studio ya baba pale Majengo, Mpanda, ilikuwa na harufu mbili zilizogombania chumba kimoja. Ya kwanza ilitoka chumba cha nyuma, kwenye taa nyekundu. Ilikuwa ya dawa ya kusafishia picha, kali, yenye uchachu wa siki, na ilikaa kwenye mashati yake hata mama ayafue vipi. Ya pili ilikuwa ya ngozi na mafuta ya mashine, na ilitoka kwenye begi la kamera lililoning'inia juu ya kiti chake, mahali ambapo nyumba nyingine hutundika msalaba au kalenda. Nilipokuwa mtoto, miaka ya tisini, niliipenda ya pili kuliko ya kwanza, na baba pia. Mama alikuwa akisema mtu anayependa harufu ya begi kuliko harufu ya dawa si mpiga picha, ni mlinzi wa begi. Tulimcheka. Mama alikuwa na ulimi wake, sisi tulikuwa na begi letu.

Jumapili mchana wapiga picha wa mji walikutana kwenye baraza ya studio. Alikuja Hamisi, aliyefanya kazi zake karibu na stesheni, na Masanja, Msukuma aliyekuja Mpanda na ng'ombe wa baba yake, akauza fahali, akanunua kamera, na tangu hapo akawa anazunguka kwa baiskeli mpaka Mishamo kupiga watu waliovuna mahindi. Walizitoa kamera zao wakazilaza juu ya kitambaa cheupe. Wakabadilishana, wakapima uzito kwa viganja, wakafyatua na kusikiliza mlio, wakabishana ni lenzi ya nchi gani inayovumilia vumbi letu jekundu. Ilikuwa raha, sitadanganya. Lakini katika Jumapili zote hizo sikumbuki hata mmoja akitoa picha mfukoni na kusema, tazameni hii. Mama akileta chai aliuliza, "Na picha ziko wapi?" Hamisi alimjibu kwamba chombo kikiwa kizuri, shemeji, picha zinakuja zenyewe. Nyumbani kwetu hapakuwa na picha ya mama ukutani. Kinyozi hajinyoi, na sisi tulijivunia methali hiyo badala ya kuionea haya.

Mwaka ninaousimulia, baba alipata lenzi mpya. Mpya kwetu, maana aliipata kwa dereva aliyekuwa akiwapeleka wageni mbugani, naye aliachiwa na mgeni mmoja. Baba alitoa baiskeli ikawa ndiyo badala yake. Ile baiskeli ndiyo iliyompeleka mama mashine ya kusaga, kwa hiyo kuanzia siku hiyo mama alibeba debe kichwani na hakusema kitu, jambo ambalo kwa mama lilikuwa baya kuliko kusema. Lenzi yenyewe ilikuwa nzito, na kioo chake kilikuwa kipana kama mdomo wa kikombe. Ukimpiga mtu nayo, sura yake hutoka safi mpaka nywele za nyusi zinahesabika, na kila kilicho nyuma yake huyeyuka kuwa ukungu. Baba alinipa kazi ya kushika kifuniko chake. Nilikishika kwa mikono miwili, na watoto wenzangu walinionea wivu.

Tatizo ni kwamba lenzi ilikuja wakati mkanda wa picha umekwisha. Ilikuwa kifuku, majira ya mvua, maji yalikuwa yamekula reli, na treni ya kutoka Tabora haikufika. Mikanda ilikuja na treni hiyo, na picha za rangi zilikwenda Tabora kusafishwa kwa treni hiyo hiyo, maana chumba chetu cha nyuma kiliweza nyeusi na nyeupe tu. Baba alikaa na kamera tupu mpaka akashindwa kuvumilia. Jumamosi moja aliniambia twende Misunkumilo kwa bibi, akaijaribu lenzi mahali penye miti. Njiani alinieleza kuwa hakuna mkanda ndani, tunakwenda kuangalia tu. Nikaelewa.

Bibi, mama yake mzazi, aliishi peke yake pembeni kabisa, nyumba za mji zinapoishia na mashamba ya karanga yanapoanzia. Nyumba yake ilikuwa ya udongo kama nyingine, isipokuwa mlango. Mlango ulikuwa wa mninga mtupu, mzito, mwekundu, wenye alama za tezo zilizopangwa kwa mistari, na aliutengeneza babu kwa mkono wake mwaka aliomwoa. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Bibi alikuwa ameomba picha yake siku nyingi, na baba alikuwa akimjibu kwamba asubiri, kuna flashi inakuja, kuna kamera nzuri zaidi inakuja, mama yangu siwezi kumpiga na hii takataka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini bibi alingoja bila kulalamika.

Alipotuona tukiingia uani na kamera shingoni, uso ulimchanua. Alidhani siku yake imefika. Kabla baba hajafungua kinywa, bibi alikwishaingia ndani, na tukasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Alitoka na kitenge alichokihifadhi sandukuni, kinanuka dawa ya nondo, kichwa kimefungwa vizuri, miguu imepakwa mafuta. Akaniambia nimfukuze kuku. Akaweka kigoda mbele ya mlango, akasogea kushoto, akasogea kulia, akaniuliza kama mlango wote unaonekana, juu mpaka chini. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Sura ya babu yenu inanitoroka. Nikifumba macho simpati. Kilichobaki ni mkono wake hapa kwenye mbao. Nikipigwa na mlango huu, basi tumepigwa wote wawili."

Nilimtazama baba. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, mama, mkanda hakuna. Maneno machache tu. Lakini bibi alikuwa ameshakaa, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka, amebana pumzi, na baba akapiga magoti, akainua kamera, akazungusha lenzi kushoto na kulia. Nakumbuka alivyotabasamu nyuma ya mashine. Hakuwa anamtabasamia bibi, alikuwa anaiona lenzi ikifanya kazi. Akafyatua. Flashi ikawaka, bibi akashtuka akacheka, akauliza kama imemshika. Baba akasema imekushika, mama. Wapiga picha wa mjini wana jina la mchezo huo, wanauita kupiga hewa. Wengine waliwafanyia walevi harusini ili waache kusumbua. Baba alimfanyia mama yake.

Tulipokuwa tunarudi aliniambia nisimwambie mtu, mkanda ukifika tutarudi tumpige ya kweli. Nami nilikubali upesi, maana nilikuwa na kifuniko mkononi na sikutaka kunyang'anywa. Mkanda ulifika. Ulifika pamoja na harusi mbili, watu wa picha za paspoti na kipaimara, na Jumapili za barazani hazikupungua. Bibi akawa anatuma salamu kwa akina mama waliokuja sokoni, kuuliza kama picha yake imerudi. Baba akajibu kwamba bado iko Tabora, inasafishwa. Jibu hilo lilimfikia bibi akalichukua jinsi lilivyo, naye akatuma tena, "Waambieni wasinisafishe sana, wasije wakanitoa makunyanzi. Wanitoe hivi hivi." Watu walicheka sana sokoni, na salamu ile ikawa mzaha wa Majengo nzima. Nilimwona baba akijaribu kucheka nao. Kurudi kumpiga upya kungemlazimu kueleza kwa nini, na kila wiki iliyopita ilifanya maelezo kuwa mazito zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya baba ilikuwa ndefu, ilikwenda Tabora na kurudi.

Kiangazi kilipoanza, wakati wa kupura mahindi, niligundua kuwa bibi ananitambua kwa sauti tu. Nilikuwa nimesimama mbele yake kimya, naye akauliza nani huyo. Uji aliumimina pembeni ya kikombe. Mtoto wa jicho, mama alisema, macho yote mawili, na akamgeukia baba, "Nenda kampige mama yako." Hakuongeza kitu. Sijui kama mama alijua habari ya hewa, lakini sura ya baba ilibadilika kama ya mtu aliyeitwa kwa jina barazani pa hakimu. Kesho yake tulikwenda.

Baba alimwambia bibi kwamba ile ya kwanza iliungua. Picha kuungua ni jambo la kawaida, mwanga ukiingia kwenye mkanda basi, na bibi alikubali bila neno, akaingia ndani kwa kupapasa ukuta, akatoka na kitenge kile kile. Safari hii mimi ndiye niliyemfunga kilemba. Aliniomba nifungue mlango nusu, mwanga uguse mbao. Baba alikuwa na hofu, alitaka picha hii iwe bora kuliko zote alizowahi kupiga, na mtu wa aina yake akitaka bora anakimbilia wapi? Alifunga lenzi ile. Akarudi nyuma, akapima mwanga, akarekebisha, akapima tena, na jasho lilimtoka.

Picha iliporudi ilikuwa nzuri kweli. Ilizunguka barazani Jumapili nzima. Hamisi aliishika kwa kingo akasema lenzi hii inaongea. Masanja akasema tazama nyuma, kumeyeyuka kama uji. Hakuna aliyemtaja bibi. Nami niliitazama nikajivuna, kisha nikaitazama tena, na nyuma ya bibi hapakuwa na mlango. Palikuwa na wekundu tu, kama moshi wa jioni.

Tulimpelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akaigeuzia juani, kisha akanipa mimi nimsomee. Nilimweleza uso, kitenge, mikono iliyotulia magotini, makunyanzi yote yapo, hawakumsafisha. Alicheka. Akauliza, "Na mlango?"

Baba ndiye aliyejibu. "Mlango hauonekani, mama. Lenzi imeufuta."

"Na kwenye ile iliyoungua, ulionekana?"

Ningependa kusema baba alijibu haraka. Alikaa chini kwanza, pale pale mavumbini, na suruali yake ya kazini. "Ile haikuungua, mama. Haikuwapo. Kamera haikuwa na mkanda."

Bibi akamgeukia. "Sasa uliponielekezea kile chombo muda wote ule, ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia lenzi."

Hakupandisha sauti, hata kidogo. Alisema tu, "Siku ile nilikuwa bado naona, mwanangu."

Baba alianza kulia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mwanamume analia bila msiba. Akasema atarudi kesho na lenzi ndogo, ampige na mlango wote, na ukuta, na uwanja mzima. Bibi alikataa. Alisema bibi harusi hapambwi mara tatu, na picha ambayo hawezi kuiona mwenyewe ni yenu, si yake. Aliikunja kwenye pindo la khanga, akanituma nikalete karanga tule.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu hapa nilikuwa mimi. Baba hakuiuza ile lenzi. Alikaa mbali na baraza kwa muda, kisha akarudi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua na ndiyo furaha yake. Bibi alifariki nikiwa sekondari, na picha ile iliwekwa juu ya jeneza. Watu walisifu jinsi alivyotoka. Mvua za baadaye ziliangusha nyumba, mlango ukachukuliwa na mtu tusiyemjua, na sasa wanangu wakiuliza baba wa babu yao alikuwa mtu wa namna gani, sina hata ubao wa kuwaonyesha. Mtu akiniuliza kama wapiga picha wanapenda vyombo kuliko picha, sina haja ya kubishana. Chombo hakikuombi kitu, na hakikuangalii. Binadamu anakuangalia, anakusubiri, na hilo linachosha.

Mwaka jana nilikwenda Mpanda na kamera yangu. Siku hizi hakuna mkanda wala Tabora, unafyatua mpaka uchoke na picha unaiona hapo hapo. Baba ni mzee sasa. Aliichukua kamera akaipima kwa kiganja, akauliza lenzi hii inafungua mpaka wapi, na tukakaa barazani mchana kutwa, tunafyatua ukuta, tunafyatua majani, ananipiga, nampiga, tunacheka. Jua lilipozama ndipo nilipomwona mama akipita kwenda jikoni. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkufu kaushika mkononi. Ilikuwa siku ya kazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yetu tangu saa nane, nadhani, na sisi tulikuwa tumempa mgongo. Nikasimama, nikamwambia mama njoo, kaa hapa, bado mwanga upo kidogo. Akasema ameshauvua mkufu, na mchele uko motoni.

"Acha tu," akasema. "Utanipiga ukija tena."

Nikasema sawa, mama.