Siku Mama Alipotoa Viatu vya Matope

Wenzangu tuliokulia Kianda, bila shaka mnakumbuka kwamba enzi zetu kila mtu mwenye heshima zake alikuwa na viatu vya aina mbili: viatu vya matope na viatu vya watu. Vya matope vilikutoa mlangoni, vikakuvusha mitaro na vijia vyote vya Kibera hadi kwenye lami ya Olympic. Hapo ulisimama kando, ukapangusa miguu kwa kitambaa chenye maji, ukavaa viatu vya watu, na vile vingine ukavifunga kwenye juala la plastiki na kuvisukuma chini kabisa ya mfuko. Ukifika mjini hakuna aliyejua umetoka wapi. Msimu wa mvua ungewakuta pale lamini watu wazima wenye akili zao, mafundi, wasichana wa maofisini, wazee wa kanisa, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja kama kuku aliyenyeshewa. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Sisi watoto hatukuwa na haja ya kumficha mtu lolote, matope yalikuwa yetu. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa majuala, tukaruka bladda iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, tukacheza brikicho ya kujificha katikati ya nyumba za mabati mpaka mama fulani achoke na kelele atumwagie maji ya vyombo. Jioni ploti nzima ilinukia mafuta ya taa na omena, dagaa wa ziwani, na kwetu muthokoi, maana Mama alikuwa Mkamba wa Kitui na mahindi yasiyokobolewa hakuyaita chakula. Mimi nilikuwa hodari wa banta, zile gololi za kioo. Hakuna mvulana wa ploti yetu aliyelala na banta zake akiwa amecheza na mimi. Watu waliona ni kipaji, kumbe nilipenda banta kwa sababu huchezwa umechuchumaa.

Kusimama ndiko kulikonishinda. Nyayo zangu zilikuwa bapa. Watoto wengine wakikanyaga matope laini waliacha alama ya vidole, kisigino, na pindo jembamba la kuviunganisha. Mimi niliacha wayo mzima, umejaa. Wakanibatiza jina Tingatinga, na nikalijibu, kwa kuwa jina ukilikataa ndipo linapokushika. Maumivu yalianzia upande wa ndani wa kifundo cha mguu, yakapanda hadi nyuma ya goti, na kufikia saa kumi jioni nilikuwa nikitafuta mahali pa kukaa kama bibi kizee.

Mama hakuelewa, na simlaumu. Yeye alikua akifuata maji mtoni, mtungi mgongoni na kamba kwenye paji la uso, akapanda nao mlima na kushuka. "Mimi nikiwa rika lako nilikuwa nabeba maji ya nyumba nzima," alikuwa akiniambia. "Wewe miguu inakuuma ukienda wapi? Hapo tu shule?" Nilipochechemea nikitoka bombani alidhani nakimbia kazi. Majirani nao kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema nilisimamishwa mapema mno nikiwa mtoto. Mwingine akasema ni damu ya upande wa baba. Wengi walisema ni uvivu, na dawa ya uvivu ilijulikana.

Hata hivyo Mama huyo huyo aliyeniita mvivu alinibeba. Akifunga kibanda chake cha ndizi pale Olympic, akinikuta nimekaa kwenye jiwe njiani, wenzangu wameshafika nyumbani kitambo, alinung'unika weee, kisha akachuchumaa mbele yangu na kusema, "Panda." Nilikuwa darasa la tatu, miguu yangu ikining'inia karibu na magoti yake. Leso yake ilinukia ndizi mbivu na moshi. Aliendelea kugomba njia nzima, na mimi nikalaza shavu mgongoni mwake nikisikia maneno yakiungurumia humo ndani.

Ikafika siku nikasikia kitu kupitia ukuta wa mabati. Mama alikuwa nje akiongea na Mama Nekesa, jirani yetu wa Bungoma aliyeuza omena soko la Kawangware. Alimwambia kwamba shule ikifungwa atanipeleka Kitui nikakae na nyanya. Shule ya huko ilikuwa mkabala na boma, singetembea sana. "Nairobi imemshinda huyu mtoto," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. Nyanya nilimpenda, lakini Kitui hakukuwa na Mama.

Mama Nekesa akamjibu, "Ai, Mama Mwende, ngoja kwanza. Kabla umpeleke ushago, si umpeleke ile zahanati ya kanisa Kawangware waone hizo miguu? Kuna daktari hukuja Jumatano, anaangalia watoto wa mifupa. Wakisema hakuna kitu, sasa umpeleke."

Wakisema hakuna kitu. Mimi nilisikia vibaya kabisa, si maneno bali maana yake. Akilini mwangu mambo yalijipanga hivi: wanaopelekwa Kitui ni watoto wenye miguu mibovu. Basi daktari akiambiwa miguu ni mizima, nitabaki.

Jumatano Mama aliniandaa kama bibi harusi. Alinisugua kwa jiwe, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akaninong'oneza sheria tunazozijua sote: usilie, usijikune, usitazame vyakula vya watu, usinitie aibu. Nilitoka na viatu vya shule. Tulipofika lamini alininawisha miguu, akanivalisha viatu vya kanisani ambavyo nilikuwa navivaa Jumapili tu, vya shule akavitia kwenye juala. Tukashika njia. Tulipovuka barabara ya Ngong nilikuwa nimeanza kubaki nyuma, akachuchumaa mbele yangu. Nikaingia Kawangware mgongoni, viatu vya kanisani vinang'aa hewani, tukapita kati ya mahindi ya kuchoma na mandazi ambayo sikuruhusiwa kuyatazama.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele fupi na mikono ya joto. Akatabasamu akaniuliza, "Mwende, how are you?"

Nyinyi mnajua jibu. Mtoto wa Kibera wa enzi zetu ungemwamsha usingizini ukamuuliza hivyo, angesimama wima akajibu kabla ya kufungua macho. "I am fine, thank you, madam!" nikapaza.

"Na miguu? Inauma wapi?"

"Haiumi."

"Ukitembea?"

"Haiumi."

"Na ukikimbia?"

"Haiumi, thank you, madam."

Alinisimamisha bila viatu, akaniambia nisimame kwa ncha za vidole, na kweli wayo ukajikunja kidogo katikati kama wa watu wengine. Akachukua viatu vya kanisani, akavigeuza, akaona soli karibu mpya. Kisha akamgeukia Mama. "Mama, hizi ni flat feet. Watoto wengi wako nazo na hawana shida. Kama haimuumi, si ugonjwa. Mwache acheze, akue."

Nilishusha pumzi. Kitui ilikuwa imekwisha.

Mama hakuinuka. Wakati ule nilidhani amekasirika, lakini sasa nikiwa mama mwenyewe najua alichokuwa anakipima. Daktari, mtu aliyesoma, alikuwa amemwambia mbele yangu mwenyewe kwamba mtoto hana kitu. Majirani walikuwa wamesema hivyo hivyo. Angeweza kunishika mkono akaniambia twende, tangu siku hiyo akanifukuza kitandani kwa amani ya moyo. Aliniangalia. Mimi nilikuwa nikitazama picha ya mtoto akipewa chanjo, iliyobandikwa ukutani, bila kupepesa.

Akainama, akavuta mfuko kutoka chini ya benchi, akalifungua lile juala, na kuviweka viatu vyangu vya shule juu ya meza ya daktari, na matope yake yote. Donge moja lilianguka likavunjika kwenye kitambaa cheupe. Jamani, Mama yangu! Mwanamke ambaye hangepita mbele ya benki na kisigino chenye vumbi.

"Daktari, mtoto anadanganya," alisema. "Hizi ndizo viatu zake. Hizo zingine ni za kanisa. Sisi tunatoka Kianda, huko ni matope, ndio nikamvalisha hizo nisionekane vibaya. Huyu jioni anaenda kitandani kwa magoti. Anatambaa, mtoto mkubwa hivi. Na mimi nimekuwa nikimwambia ni uvivu."

Daktari wala hakujali matope. Aliinua kiatu kimoja, akakiweka mezani, kikalala upande kama mlevi. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa ndani hadi karibu na ngozi. Akatia vidole ndani, akatoa kitambaa kilichokuwa kimejazwa mbele, maana vilikuwa viatu vya kukulia. Sote tulivaa vya kukulia, si mnakumbuka? Ulinunuliwa kiatu cha kukufikisha darasa la saba. Akapiga magoti mbele yangu akasema, "Mwende, hakuna mtu atakuchapa. Niambie ukweli."

Nilimtazama Mama. "Sema, mwana wakwa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Chenye utasema nitaamini."

"Zinauma," nikasema. "Kila siku zinauma. Lakini sitaki kuenda Kitui."

Mama aliweka mkono mdomoni. Akacheka, kisha kile kicheko kikageuka kitu kingine, akanivuta kifuani mwake mbele ya daktari, mafuta yote ya usoni nikamwachia kwenye blauzi. "Nani alisema unaenda Kitui?" alisema, kana kwamba ni jirani fulani mbaya aliyelitamka.

Basi tulifundishwa. Daktari alitwambia mshipa wa nyuma ya kisigino ulikuwa umekaza, ndio maana miguu ilichoka upesi. Nisimame nikisukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini. Niokote vitu kwa vidole vya miguu. Akanipa vipande vigumu vya sponji vya kuwekwa ndani ya kiatu, vinyanyue wayo katikati. Na kiatu kiwe cha kunitosha, chenye kisigino imara, si cha kukulia.

Hilo la mwisho ndilo lililozua mjadala ploti nzima. Mtoto anunuliwe kiatu cha kumtosha leo? Kwani kesho hatakua? Mama Nekesa mwenyewe, aliyetutuma huko, alitikisa kichwa. Mama aliingia soko la mitumba akarudi na viatu vyeusi vilivyonikaa sawasawa, akavibeba mkononi bila juala ili kila mtu avione. Mazoezi nayo yakawa mchezo. Nilipoanza kusukuma ukuta watoto wote walikuja kusukuma, mabati yakapiga kelele mpaka mwenye ploti akatoka kutuuliza kama tunataka kumbomolea nyumba. Banta tukaanza kuziokota kwa vidole vya miguu, kwa mashindano, na huko pia niliwamaliza.

Haikuwa miujiza. Wiki nyingi zilipita nyayo zikiuma, kisha zikauma kidogo, kisha siku moja moja. Kila jioni Mama aliniuliza, "Leo zimeuma?" Nikisema ndiyo, aliweka karai la maji ya moto. Nikisema hapana, alisema haya basi, kachote maji. Hakuwahi tena kuniuliza mara mbili.

Jumapili moja tukienda kanisani, tulifika pale mlima wa Olympic unapoanza, pale ambapo kwa kawaida nilishindwa. Mama alichuchumaa kwa mazoea. "Panda."

"Nitatembea, Mama," nikasema, nikampita.

Nilienda hatua kadhaa kwa maringo kabla ya kugeuka. Alikuwa bado amechuchumaa, mikono nyuma tayari kunipokea. Kisha akainuka polepole, akakung'uta leso yake, akanifuata akitabasamu na kulalamika kuhusu vumbi lililomwingia machoni.

Siku hizi naishi Kawangware. Nyayo zangu bado ni bapa, na nimezunguka nazo Nairobi yote. Vijia vya Kianda vimewekwa zege sehemu nyingi, na vijana wanatoka na raba nyeupe asubuhi wakarudi nazo nyeupe jioni, hawajui kusimama kwa mguu mmoja. Binti yangu yuko darasa la tano. Nikimtuma maziwa duka la pili ananiambia, "Mum, si uite boda? Hiyo ni far, manze. Miguu zangu zimechoka ile serious." Namcheka, kisha namuuliza ni wapi hasa. Hapo ananipa orodha kuanzia kidole gumba hadi kiuno, bila woga wowote, mpaka natamani kumwambia apunguze. Lakini simwambii. Nafurahi kwamba ana ulimi huo, sisi hatukuwa nao. Ila sijawahi kuona mgongo wa mwenye boda boda ukimfanya mtoto alaze shavu.

Mama alirudi Kitui uzeeni, na huko ndiko alikozikwa. Watu hukumbuka siku waliyopona kama siku ya furaha, nami nilifurahi, nilipanda mlima ule kwa miguu yangu mwenyewe, kichwa juu. Sikujua kwamba alikuwa amenibeba kwa mara ya mwisho wiki iliyotangulia. Ningejua, pale alipochuchumaa ningemwambia bado zinauma kidogo, na angeniamini.