Bonyeza Mpaka Ainuke

Siku ile tulikuwa sita katika chumba cha mbele cha jirani yetu, mtaani kwetu Kismayo. Jirani mwenyewe, mwenye mashine ya gemu. Bibi, mama yake mama. Mjomba, aliyefika asubuhi kwa boti kutoka kisiwa cha Ngumi. Mdogo wangu wa kiume. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye meno ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka. Na mimi, mkubwa wao. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alinipa kitu alasiri ile, na wengine hawapo tena niwashukuru.

Yamenirudia juzi, nilipokwenda Mombasa kumtembelea mdogo wangu. Mwanawe alinikalisha kwenye zulia akanitia padi mikononi, kile kishikio chenye vitufe. Gemu yake ni ya shujaa anayeruka juu ya mji mkubwa. Joho linapepea, mvua inamlowesha, ukimsogelea unaona mpaka mshono wa nguo yake. "Shangazi, tamu si tamu?" akaniuliza. Nikamwambia tamu, na ni tamu kweli. Lakini shujaa yule alikuwa peke yake, na mimi nilijikuta namtafuta mtu wa pili pembeni mwa kioo.

Mashine ya jirani yetu ilitumwa na mwanawe aliyekuwa Ulaya. Aliiweka chumba cha mbele, akavuta waya kutoka kwenye jenereta la duka la barafu, na watoto wa mtaa wakawa hawatoki. Ukikaribia ulisikia jenereta kwanza, kisha makelele, kisha pua ikapokea udi aliouchoma ili kufunika jasho lao. Wadogo zangu hakuwatoza kitu. Aliniambia tu nimpelekee bajia za kwanza kutoka karaini, zikiwa bado zinachuruzika mafuta.

Bajia ndizo zilikuwa kazi yangu. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikakaa mbele ya karai. Nililoweka kunde, nikazisaga alfajiri, nikakuna nazi ya mchuzi wa mchana, na alasiri nikazunguka mtaa na sinia kichwani. Mlangoni kwa jirani nilisimama kidogo kila siku, nikatazama, nikaondoka. Sikuwahi kucheza. Lakini nilitazama vya kutosha kujua utamu ule ulikaa wapi.

Watu hudhani utamu wa gemu ya shujaa ni nguvu zake. Mimi nakuambia, shujaa asiyeangushika anachosha upesi. Yule wetu sura yake ilikuwa kama imechongwa kwa shoka, lakini alikuwa na uzito. Ukimwambia aruke, alichutama kwanza ndipo akaruka, na akitua vumbi lilitimka na padi ikatetemeka viganjani, ukaona umetua wewe. Alianza na uwezo mmoja tu, ukahangaika nao mpaka upate wa pili, na ukiupata unajua thamani yake. Watu wa mji ule nao walimwona. Ukimwokoa mama wa sokoni, alikupigia vigelegele, na watoto chumbani wakamwitikia.

Zaidi ya yote, ile gemu ilichezwa na wawili. Shujaa mmoja aliruka, mwenzake alikuwa na mikono ya chuma. Kioo kilikuwa kimoja, kwa hiyo mmoja akitangulia mno kilimzuia mpaka mwenzake afike. Na mmoja akianguka, palikuwa na njia moja tu: usimame juu yake, ubonyeze kitufe bila kuachia, mpaka ainuke. Muda wote huo maadui wanakupiga wewe, na huwezi kurudisha hata kofi.

Sasa, mjomba alikuwa amekuja kumchukua mdogo wangu wa kiume akakae naye Ngumi. Hakuja kwa ubaya. Alisema karai moja haliwezi kulisha nyumba nzima, na kule samaki hawakosekani. Bibi alikwisha kubali, huku akifuta macho kwa ncha ya leso. Mdogo wetu wa mwisho naye angefuata kwa shangazi. Mimi nilimwahidi mama kwamba hatutatengana, lakini nani angeniuliza, msichana wa bajia? Nilifungasha nguo za mdogo wangu wa kiume katika mfuko wa plastiki, nikaenda kumwita kwa jirani.

"Dada," akaniambia, "hujacheza nami hata siku moja."

"Nina sinia, huoni?"

Jirani akanipokonya sinia lenyewe. "Keti! Wewe pia ni mtoto wa mtu."

Nikaketi. Vidole vyangu vilijua kukuna nazi, si vitufe. Niliruka kwa mabega na kichwa, na shujaa wangu akabaki palepale anapiga ngumi ukuta. Mdogo wetu wa mwisho alinipiga mapajani kwa hasira. "Si hicho, dada! Hicho ni cha kuinama! Mbona unamwinamia adui?"

Bibi na mjomba wakaingia kututafuta. Bibi akamkazia macho yule anayeruka. "Na huyu, alasiri ameswali?"

"Bibi, huyo hata kibla hakijui," jirani akajibu.

"Maji yanakupwa," mjomba akasema. "Boti itakwama. Twende."

"Mjomba, tumalize jitu hili tu," mdogo wangu akaomba.

Jitu la mwisho lilikuwa refu kuliko nyumba zote. Likanikanyaga mara moja, nikalala. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda begani mwake, amebakiza kulipiga kichwani. Akashuka. Akasimama juu yangu, akabonyeza mpaka nikainuka. Nikaanguka tena, akashuka tena. Mjomba alichutama nyuma yetu, na bila kujijua akaanza kusukumasukuma hewa kwa viganja.

"Mchu huyu mbona haendi kupigana?" mjomba akauliza kwa Kibajuni chake; mtu kwao ni mchu.

"Anamwinua dada," akajibiwa na mdogo wetu.

"Mwache dada yako, wee! Lipige jitu, utashinda!"

Mdogo wangu hakugeuka. Alikuwa amebana kitufe kwa vidole gumba vyote viwili. "Nimwache, halafu nishinde na nani?"

Hakuwa anasema habari za boti. Alikuwa anasema habari za gemu, na mate yamemjaa mdomoni. Lakini bibi alijifunika mdomo kwa leso, na jirani akapunguza sauti ya runinga. Jitu likatukanyaga sote wawili, tukashindwa.

Mjomba akasimama, akakung'uta kikoi chake. "Haya, nakwenda."

"Na mtoto?" bibi akauliza.

"Mtoto ana kazi hapa."

Tangu siku hiyo hakuna boti iliyotoka Ngumi bila kikapu chetu cha ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Karai langu na kikapu cha mjomba vilitulea sote watatu chini ya paa moja. Mdogo wangu alisoma, leo anatengeneza simu Mombasa. Mdogo wetu wa mwisho ameolewa. Bibi amekwisha kwenda, Mungu amrehemu. Jirani alimfuata mwanawe Ulaya, na chumba kile sasa kinauza vitambaa. Nikipita pale bado nageuza sikio nisikie jenereta.

Miaka mingi baadaye mke wa mjomba alifariki, nikaenda Ngumi kuzika. Hawakujaaliwa mtoto, hilo nililijua. Nilichokuwa sikijui kilikuwa ukutani: kasia dogo, limesuguliwa likawa laini kama kijiko, la kipimo cha mikono ya mtoto. Nikamwuliza mjomba ni la nani.

"La mpwangu," akasema. "Nilimchongea kabla sijaja kumchukua." Akanimiminia chai, akaniuliza kama bajia bado nauza.

Kumbe hakuja kutupunguzia mzigo tu. Alikuja kutafuta mwana, akaniachia.

Mjomba bado yuko hai, na kasia bado liko ukutani, halijawahi kugusa maji. Juzi, wakati mtoto wa mdogo wangu amesimama mbele ya kioo na padi yake, nilimpima kwa macho. Linamfaa. Lakini watoto wanakua upesi, na hakuna kati yetu aliyewahi kumpeleka Ngumi.