Kanda Iliyolala Darini

Nisimdanganye mtu: kazi yenyewe sikuipenda kivile. Nilichopenda ni gari la Ijumaa.

Ofisi yetu ilikuwa ya mambo ya kahawa, pale Moshi mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikaa na mitambo miwili mikubwa ya kompyuta kwenye chumba chenye baridi ya kugandisha vidole, huku nje watu wakijipepea kwa magazeti. Mitambo ile iliunganishwa ikatumia kabati moja la kumbukumbu: majina ya wakulima, kihamba cha nani, yaani shamba la nyumbani, kina mibuni mingapi, nani amemrithi nani. Kabla haujabadilisha jina lolote, mtambo uliandika kwanza kwenye kanda kwamba unataka kubadilisha nini. Maandishi hayo tuliyaita shajara. Mmoja ukizimika katikati ya kazi, mwenzake anaisoma shajara, anaona marehemu alifikia wapi, anamalizia. Na kwa kuwa kanda nayo ni kitu cha kuharibika, shajara iliandikwa kwenye kanda mbili kwa wakati mmoja, pacha kabisa, kila moja ikianza na nakala ya kabati zima. Moja ilibaki rafuni. Ya pili ilitakiwa ilale mbali na jengo, ili likitokea la kutokea tuwe na pa kuanzia.

Mkuu wangu wa kitengo alitaka ilale benki, mtaa wa pili tu. Nikapinga. Nikamwambia moto wa mjini ukiwaka haujui mtaa wa kwanza wala wa pili. Bora iende mlimani, kwetu Uru, nyumba ya mama ina bati jipya na mlango wa kufuli. Maneno matamu hayo! Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona mama kila wiki kwa mafuta ya ofisi.

Kwetu kitinda mimba ndiye mwenye nyumba ya wazazi. Wakubwa hutawanyika, yeye hubaki na mama, migomba na ng'ombe. Mimi ndiye kitinda mimba, na nilikimbilia mjini kuchunga mashine. Kaka zangu walikuwa Dar; walipanda Krismasi na magari yaliyojaa soda na kelele, na mwaka mpya ukiingia mama alikuwa peke yake tena. Baba alishafariki. Nami nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, sina mke, sina mtoto. Ziko wiki nilizoongea zaidi na mitambo kuliko nilivyoongea na watu, na sisemi kwa utani. Ijumaa ilikuwa siku pekee niliyoitwa mwanangu.

Basi kila Ijumaa alasiri dereva ananipandisha na kanda yangu ndani ya kopo lake la bati, pana kama sahani ya wali. Namwamkia mama shikamoo, anaitikia marahaba, ananiwekea bakuli la mtori bila kuuliza kama nimekula. Namkabidhi kanda mpya, ananirudishia ya wiki iliyopita. "Kitunze hiki, mama. Cha mjini kikifa, tutaanzia hapa." Alikipokea kwa mikono miwili. Nilimwonyesha sanduku la mbao la baba, chumbani, na huko ndiko alikokiweka. Baada ya saa moja dereva alianza kupiga honi, mtu asiye na mama yule, nami nikaondoka.

Mwaka ule masika yalikuja kwa hasira. Jumanne moja asubuhi nilifungua chumba cha mitambo nikakanyaga maji. Dari ya ofisi ilikuwa imevuja usiku kucha, tena palepale: juu ya kabati la kumbukumbu na juu ya rafu ya kanda. Mitambo yote miwili kimya. Nilisimama nikisikia matone tu.

Mkuu alipofika hakutetereka. "Akiba haiozi," alisema. "Kalete kanda ya mama yako."

Nilipanda Uru kifua mbele, nakiri. Njia nzima nilimsimulia dereva jinsi nilivyopigania kanda ije mlimani, na jinsi ambavyo ofisi nzima sasa itamshukuru bibi mmoja mwenye shamba la migomba.

"Mama, kile kitu kiko wapi?"

Akacheka kwa furaha, jamani. Akaniambia subiri. Hakuelekea chumbani, alielekea jikoni. Akavuta kigoda, akapanda, akanyoosha mkono darini, juu kabisa ya mafiga, mahali tunapotundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu. Katikati ya mahindi yale akachomoa kopo langu. Alilishika kwa pindo la kanga, kwa sababu lilikuwa la moto.

Nilifungua. Kanda ilikuwa imejikunja kingo, imeshikana, na masizi yamepenya mpaka ndani.

"Chumbani mvua imeleta ukungu," alisema, bado anatabasamu. "Nikaona kitaoza. Nikakiweka na mbegu. Pale hapajawahi kuharibika kitu tangu enzi za bibi yako."

Nilichosema baada ya hapo nakikumbuka neno kwa neno, nami nitaandika moja tu. Nilimwambia mama yangu ni mjinga. Nilisema kwa sauti ya juu, dereva akasikia, majirani wakasikia. Yeye alishuka kwenye kigoda polepole, akatoka nje, nikadhani amekwenda kulia. Kumbe alikwenda mpakani mwa kihamba kuchuma jani la sale. Akarudi nalo amelifunga fundo, akalitia mkononi mwangu.

Kwetu ukishatiwa jani la sale mkononi huna ruhusa ya kuendelea kukasirika, hata uwe umekosewa nini. Lakini nimezoea kuona mdogo akimpelekea mkubwa, na mtoto akimpelekea mzazi. Mama kumwomba msamaha mtoto wa mwisho, nami nimesimama kama nguzo, sikuwahi kuona. Lo, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ilinipasa nipige magoti. Badala yake nikasema, "Yamekwisha, mama," huku natazama pembeni, nikaingia garini. Siku hiyo hata mtori sikuuonja.

Ofisini walicheka sana. Mkuu akasema kumbe akiba haiozi ila hukaushwa. Kisha akaja fundi kutoka Dar, akavuta waya mpaka jengo la ng'ambo ya barabara na kuweka mtambo wa tatu huko. Kuanzia hapo shajara ilijinakili yenyewe, neno kwa neno, dakika ileile, bila kanda kupanda gari. Ilikuwa kazi safi, siwezi kuikosoa. Gari la Ijumaa likapewa idara nyingine.

Mimi nikabaki kuingiza upya yote yaliyopotea, fomu baada ya fomu, majina ya watu wa Mwika, wa Himo, wa kwetu. Nilijiambia nina kazi nyingi. Uru si Ulaya! Magari ya abiria yalikuwepo, na hata kwa miguu mtu anafika. Ijumaa ya kwanza nilisema nimechoka. Ya pili nikasema mvua. Kufikia ya tano nilikuwa naona aibu kwa neno lile na aibu kwa Ijumaa nne zilizopita, na kila wiki mzigo ulizidi. Nilikula mkate na chai chumbani kwangu nikalala mapema.

Mwezi wa saba, siku ya baridi na manyunyu, mlinzi alikuja kuniambia kuna bibi getini anayesema mimi ni mwanawe. Nilitoka mbio. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, kanga imelowa mabegani, viatu amevishika mkononi visichafuke. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani.

Nikamwamkia. Akaitikia, akalitazama jengo letu juu mpaka chini, kisha akasema maneno ambayo nadhani aliyapanga njia nzima.

"Lile sanduku nimelianika jua lilipotoka. Ukungu umekwisha. Jikoni sitakipeleka tena. Mwambie mkubwa wako anipe tena, nitakitunza vizuri."

"Mama, siku hizi hakihitajiki. Mashine zinatunziana zenyewe."

 Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo la kiofisi. Kisha akaniuliza, bila lawama hata kidogo, kwa kuwa kweli alitaka kujua:

"Basi sasa utakuwa unakuja kufanya nini?"